Datsun 240Z inayonuka petroli: jinsi ya kuufufua mfumo wa mvuke wa tangi

Wenye Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, huambiwa kila mara kwamba gari la zamani lazima linuke petroli. Halilazimiki. Magari haya yalipotoka Japani kwenda Marekani yalikuwa na mfumo kamili wa kuuzuia mvuke wa tangi usitoke nje. Jimbo la California lilianza kuudai kwa magari ya mwaka 1970, na kwa magari ya 1971 ukawa sharti la nchi nzima. Ukinusa petroli ndani ya gari, jua kuna mpira uliopasuka, au kuna mtu aliyeufungua mfumo huo na kuuziba ovyo.

Kwetu Afrika Mashariki 240Z inakumbukwa kwa Safari Rally. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo mwaka 1973. Mwongozo huu unahusu zile zilizouzwa Marekani kati ya 1970 na 1973. Huko ndiko zilikonunuliwa kwa wingi, na ndiko mfumo huu ulikong'olewa sana na watu waliodhani ni takataka za serikali. Ningependa mwenye gari la namna hiyo aufufue badala ya kuutupa. Mfumo huu hauipunguzii injini nguvu hata kidogo, na ndio unaofanya uweze kusafiri saa nne bila kichwa kuuma.

Mvuke unapita wapi

Tangi la lita 60 limening'inia chini ya sakafu ya nyuma, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma. Jua likipiga, petroli inatanuka na sehemu yake inageuka mvuke. Kifuniko cha kujazia kinaziba kabisa, kwa hiyo mvuke unapanda kwa mipira kadhaa hadi kwenye kitangi kidogo cha chuma kilichofichwa ubavuni kulia, nyuma ya paneli ya plastiki ya ndani, karibu na shingo ya kujazia. Kitangi hicho kinatenganisha: matone ya petroli yanarudi tangini, na mvuke mtupu unaendelea mbele kwa bomba jembamba la chuma linalokwenda sambamba na bomba la petroli na lile la marejeo linalorudisha petroli tangini, mpaka chumba cha injini.

Huko mbele kuna vali ndogo yenye pua tatu: moja inapokea mvuke wa tangi, moja inatoka chujio la hewa, na ya tatu inakwenda krenkikesi (sehemu ya chini ya injini yenye shafti kuu). Presha ya mvuke ikifika karibu milimita 10 za zebaki, vali inafunguka na mvuke unaingia krenkikesi. Injini ikiwaka, mvuke huo unavutwa hadi manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda) na kuungua ndani ya silinda. Tangi likipoa au petroli ikipungua, vali hiyo hiyo inaruhusu hewa safi itoke kwenye chujio na kurudi tangini. (Kwenye 280Z, kuanzia 1975, utakuta kopo la mkaa linaloushika mvuke gari likiwa limezimwa. Kazi ya upande wa nyuma haibadiliki sana.)

Ukishaielewa njia hii utaona kwa nini kuziba kiholela kunaleta balaa. Ukiliziba bomba la mvuke, tangi linakosa hewa ya kujaza nafasi ya petroli inayotumika. Pampu inavuta, tangi linaingia ndani, na injini inakata baada ya mwendo mrefu kana kwamba mafuta yameisha. Ukiliacha wazi, mvuke unamwagika barabarani na ndani ya gari.

Hatua ya 1: Hakikisha ni petroli unayoinusa

240Z ina ugonjwa wa pili unaofanana na huu. Hewa inayozunguka nyuma ya gari linalokimbia inauvuta moshi wa ekzosi ndani kupitia raba ya mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma na matundu ya waya. Harufu ikija gari likiwa linatembea tu, hasa ukiwa umeteremsha vioo, anza na raba na gasketi hizo. Harufu ikiwepo asubuhi gari likiwa limelala ndani ya banda, au ikizidi baada ya kujaza tangi, tatizo ni mvuke. Magari mengi yana yote mawili, kwa hiyo ukiponya moja usishangae likibaki lingine.

Kisha fanya jaribio dogo. Endesha nusu saa, simama, fungua kifuniko cha petroli taratibu. Ukisikia hewa inavutwa kuingia kwa nguvu, njia ya kupumulia imeziba mahali.

Hatua ya 2: Mwaga petroli bila kujilipua

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni na kukusanyika shimoni. Unalipuka ukiwa ni kati ya asilimia 1.4 na 7.6 tu ya hewa, na ndiyo maana tangi tupu lina hatari kubwa kuliko lililojaa. Fanya kazi nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Toa waya wa betri. Kusiwe na taa ya balbu ya kawaida, kusiwe na jiko wala hita jirani, simu iwekwe mbali, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono.

Inua gari nyuma na liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayelala chini yake. Fungua nati ya kumwagia iliyo chini ya tangi na kinga kwa chombo cha chuma. Petroli iliyokaa miaka ina rangi ya chai na harufu ya vanishi, usiirudishe kwenye gari lolote. Vaa glavu za naitraili. Magari haya yalikunywa petroli yenye risasi kwa miaka mingi, na tope la chini ya tangi huenda bado linayo.

Hatua ya 3: Piga picha, kisha kata

Toa paneli ya plastiki ya kulia nyuma kwa subira, maana plastiki ya miaka hamsini inavunjika kwa kutazamwa. Kabla hujagusa mpira wowote, piga picha kila pua ya kitangi na ya tangi, kisha funga kila mpira kikaratasi chenye namba. Mipira hii haina kipenyo kimoja na inapishana kwa namna ambayo hutaikumbuka wiki ijayo.

Usiuvute mpira uliokauka. Pua za kitangi ni nyembamba, ukipindua zinakatika kwenye kiungo. Pasua mpira kwa wembe kwa urefu wake, uufungue kama ganda la ndizi, ndipo uutoe. Itunze mipira ya zamani hata ikiwa imeoza. Mikunjo yake ndiyo ramani yako.

Tangi lenyewe linashuka ukishaachia mpira mpana wa shingo, waya za geji, mabomba na mikanda. Liwekee jeki yenye ubao chini yake kabla hujafungua mkanda wa pili.

Hatua ya 4: Tangi

Toa geji ya mafuta. Imeshikwa na pete ya kuzungusha. Igonge kwa kipande cha shaba au mbao ngumu, isiwe patasi ya chuma, kwani cheche moja inatosha. Mulika ndani kwa tochi ya LED iliyofungwa vizuri.

Kama ni vanishi tu (utando wa petroli iliyochakaa), osha kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi, rudia mpaka maji yatoke safi. Kama kuna kutu, jaza maji ya uvuguvugu yenye asidi ya limau kiasi cha gramu 50 hadi 100 kwa lita, uache usiku kucha. Asidi hiyo inapatikana kirahisi na ni pole kwa chuma kizima. Kutu sugu inahitaji msuguano: mwaga ndani nati ndogo ulizozihesabu na utikise tangi ukiwa na mwenzako, kisha uzihesabu tena zikitoka. Baadaye suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuiua asidi, suuza tena kwa maji safi, na ukaushe papo hapo kwa hewa ya moto isiyo na waya unaowaka. Usifanye hivyo kabla tangi halijaoshwa likaisha harufu. Kutu mpya inaanza ndani ya dakika chache kwenye chuma kilichochubuliwa, hivyo likikauka tu lipake ndani mafuta mepesi ya injini kwa kulizungushazungusha.

Wapo wanaopaka tangi lote ndani kwa dawa ya kuziba. Mimi sikushauri, ila tangi likiwa na vitundu visivyotibika. Dawa hiyo inaingia kwenye pua ndogo za mvuke na kuziba, na ikibanduka baada ya miaka inageuka magamba yanayosongamana kwenye pampu na kabureta. Kitundu kimoja kinatengenezwa vizuri zaidi na fundi wa rejeta mwenye vifaa vya kuosha tangi kwa mvuke wa maji. Usichomelee tangi wewe mwenyewe, hata kama limeoshwa mara kumi.

Pitisha waya laini kwenye kila pua ya tangi mpaka uone mwanga upande wa pili au usikie hewa ikipita. Hatua hii watu huiruka, halafu wanalaumu mipira mipya.

Hatua ya 5: Kitangi na bomba la mbele

Kitangi kinaoshwa kwa njia ile ile. Ziba pua zote isipokuwa moja, kizamishe kwenye ndoo ya maji, na upulize kwa mdomo. Povu likitoka kwenye kiungo, kinahitaji kulehemiwa kwa risasi na bati na mtu anayejua, baada ya kuoshwa kikaisha harufu.

Bomba refu la chuma lipulize kwa kompresa likiwa limefunguliwa ncha zote mbili. Likiwa limekaa wazi miaka mingi, nyigu wanaojenga kwa udongo huwa wameshalifanya nyumba. Likague pia kwa chini, hasa mahali linaposhikwa na vibanio, kwa sababu maji ya chumvi ya barabara za Marekani hukaa hapo.

Hatua ya 6: Vali yenye pua tatu

Ing'oe ukiwa umeandika ni mpira gani ulikuwa wapi, kisha ijaribu kwa kupuliza. Ukipuliza pua inayotoka tangini, hewa itokee pua ya krenkikesi. Ukipuliza pua ya chujio la hewa, hewa itokee upande wa tangi au wa krenkikesi. Ukipuliza pua ya krenkikesi, hewa isipite popote. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu vali inayopitisha kinyume inaruhusu moshi wa mafuta ya injini kurudi tangini. Vali iliyoganda wakati mwingine inaamka kwa kuoshwa na dawa ya kabureta; ikigoma, tafuta nyingine. Bila vali nzima, kazi yote ya nyuma ni bure.

Hatua ya 7: Mipira mipya, na mikunjo yake

Mpira wa maji hauwezi kazi hii hata kwa siku moja. Soma maandishi ya ubavuni. SAE (chama cha wahandisi wa magari kinachoweka viwango) 30R7 ni ya petroli na mvuke kwa magari ya kabureta. SAE 30R9 ni ya magari yenye presha kubwa ya petroli; inafaa pia na inavumilia zaidi petroli yenye ethanoli ya siku hizi, ila ni ngumu kukunjika. Mpira mpana wa shingo una aina yake, 30R6, au unanunuliwa ukiwa umeshatengenezwa kwa umbo la gari hili. Pima kipenyo cha nje cha kila pua kwa kipimo cha milimita kabla hujaenda dukani.

Ugumu wa kweli uko kwenye mikunjo. Kiwandani mipira hii ilifinyangwa ikiwa imepinda tayari. Ukichukua mpira wa moja kwa moja ukaukunja kwa nguvu ndani ya ubavu ule mwembamba, unajifinya katikati na njia inakufa, na kwa nje hutaona lolote ukisharudisha paneli. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kununua seti iliyofinyangwa, ambayo ni ghali lakini inakuokoa siku nzima ya kuhangaika. Ya pili ni kutafuta dukani mpira wa petroli wa gari jingine wenye kona inayolingana na kuukata sehemu unayoitaka. Ule wa zamani uliouhifadhi utakuonyesha kona ipi. Ya tatu ni kuweka kiwiko cha chuma kwenye kona kali na kuunga mpira pande zote mbili. Njia ya tatu naikubali kwenye mvuke tu, na viungo viwe vichache, maana kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Kuna jambo moja la mteremko. Mipira ya kutoka tangini kwenda kwenye kitangi isiwe na bonde katikati. Petroli ikituama kwenye bonde hilo inageuka kizibo, na utasikia tangi linakoroma kila unapojaza.

Kwa klipu, tumia zile za mviringo zenye ukingo laini zilizokusudiwa petroli. Klipu za kawaida zenye meno zinaukata mpira mwembamba. Mpira unapopita kwenye tundu la bati, weka raba ya kinga mpya. Bati lililo wazi linaula mpira mpya ndani ya mwaka.

Badilisha pia raba ya geji na gasketi ya kifuniko cha kujazia. Kifuniko cha duka kisichoziba vizuri kinaharibu kila ulichokifanya.

Hatua ya 8: Jaribio la maji, kabla ya kurudisha paneli

Mafundi wengi huishia kunusa. Pua inazoea harufu, kipimo hakizoei. Kitabu cha huduma cha Datsun kinatoa jaribio ambalo unaweza kulifanya kwa mpira mwangavu na rula, na hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka.

Chukua mpira mwangavu wenye urefu wa mita mbili hivi, uukunje umbo la U na uufunge kwenye ubao pamoja na rula. Tia maji yenye rangi mpaka nusu. Kule mbele, chomoa bomba la mvuke kwenye vali, uliunge na kiungo cha njia tatu: njia moja kwa bomba la gari, moja kwa ubao wako, moja kwa koki ndogo utakayopulizia. Funga kifuniko cha kujazia. Puliza kidogo kidogo, kwa mdomo au pampu ya baiskeli, mpaka tofauti ya maji kati ya pande mbili ifike milimita 368. Funga koki. Subiri dakika mbili na nusu. Maji yasiwe yamehama zaidi ya milimita 25.

Usitumie kompresa. Presha hiyo ni ndogo sana, na tangi ni bati jembamba linalovimba kabla hujaachia mkono.

Sasa jambo ambalo linawapoteza wengi. Hewa iliyofungiwa inabadilika kwa joto, na nyuzi moja tu ya Selsiasi inahamisha maji kwa milimita 30 na zaidi, kupita kiwango chote unachoruhusiwa. Jua likiingia bandani katikati ya jaribio, tangi linalovuja litaonekana zima. Upepo wa baridi ukipita, tangi zima litaonekana linavuja. Fanya asubuhi, kivulini, baada ya gari kukaa hapo usiku mzima, na tangi likiwa kavu. Petroli iliyomo ndani inaendelea kutoa mvuke na kupandisha maji, hivyo inaficha uvujaji. Rudia mara kadhaa na uamini matokeo yanayofanana.

Maji yakishuka, paka povu la sabuni kwanza kwenye kifuniko, kisha raba ya geji, mpira wa shingo, pua za kitangi, kwa mpangilio huo. Maji yakibaki palepale, fungua kifuniko cha kujazia: yanapaswa kuanguka hadi sifuri mara moja. Yakishuka polepole, kuna mpira uliojifinya, na ni afadhali umelijua leo kabla paneli haijarudi.

Hatua ya 9: Kurudisha na kujaza

Funga mikanda ya tangi ukiweka vipande vipya vya raba kati ya mkanda na bati. Rudisha vali, weka filta mpya ya petroli kwa sababu uchafu uliobaki utatoka wiki ya kwanza, na uirudishe betri mwisho kabisa. Tia lita kumi, washa, kagua chini kwa tochi. Kisha jaza tangi ukiacha bomba la kituo likate lenyewe mara moja tu. Ukiongeza kidogo kidogo mpaka shingoni, petroli inapanda hadi kwenye kitangi, na nafasi iliyotengwa kwa mvuke inaisha.

Acha paneli ya ndani nje kwa wiki moja ya kuendesha. Raba mpya zinakaa sawa zikishapata joto na baridi, na klipu karibu zote zitahitaji robo mzunguko zaidi. Zikaze, rudia jaribio la maji mara moja, ndipo upige vibanio vya paneli.